Waya Mmoja, Kazi Mbili

Simu ililia saa nane na nusu usiku, mwezi wa Ramadhani, majirani wakipasha daku. Alikuwa Bi mwenye ghala la baridi ambalo mimi ndiye fundi wake wa umeme, upande wa Magharibi hapa Unguja.

"Fundi mwanangu, umeme ulikatika na umerudi. Jenereta liliwaka. Lakini moyo wangu hautulii na chumba cha tatu. Kipo digrii ngapi?"

"Bi, kujua hilo mpaka mlinzi afungue mlango aangalie kipimo cha ndani."

"Basi asifungue. Njoo wewe."

Nilikwenda. Kompresa ya chumba cha tatu ilikuwa imesimama, kontakta yake, ile swichi inayoiunganisha na umeme, haikushika umeme uliporudi. Chumba kinachotakiwa kukaa digrii 18 chini ya sifuri kilikuwa kimepanda hadi 11 chini ya sifuri. Tuliwahi. Ndani mlikuwa na pweza walionunuliwa kwa kina mama wa Jambiani na Makunduchi, wale wanaoingia mwambani maji yakitoka, wakachokoa kwa kijiti shimo baada ya shimo. Ukimtupa pweza yule umetupa miguu ya mtu iliyokatwa na matumbawe.

Mwenye mali ya barafu Unguja hahitaji kuelezwa hatari ya umeme kukatika. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, kwa hitilafu kwenye njia ya kebo inayotoka Bara kupita chini ya bahari. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilipokuja mwaka 2013 mambo yalitengemaa sana, lakini Bi huyu alikuwepo miaka ile na hajasahau. Asubuhi yake aliniambia anachotaka: joto la kila chumba alione kwenye simu, akiwa kitandani kwake, bila ya mtu kufungua mlango.

Ukilisikia ombi hilo unasema ni jambo la siku moja. Weka vipimo vya waifai, maliza. Lakini vyumba vya baridi hujengwa kwa paneli za bati pande mbili zenye povu katikati, hivyo kila chumba ni sanduku la chuma. Nilisimama ndani ya chumba cha kwanza, mlango umefungwa, simu mkononi, na mtandao ukafa kana kwamba nimezama kisimani. Kupitisha kebo mpya za data nako kulikuwa na taabu yake, kwani vyumba sita vilijengwa kwa miaka tofauti, kimoja kikiongezwa pembeni ya kingine, na kila tundu unalotoboa kwenye paneli ni njia ya unyevu. Hewa yetu ya pwani ikipenya mle ndani ya povu huganda, barafu inatanua, na paneli inaanza kufa taratibu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimeshaingia kila chumba na tundu lake limezibwa vizuri tangu siku ya ujenzi. Kebo ya umeme, inayolisha feni, hita ya kuyeyushia barafu, na taa.

Nataka nilieleze hili la kupitisha data kwenye waya wa umeme kwa namna nilivyomweleza Bi, maana yeye amekulia pwani. Umeme wa kwenye soketi ni kama mawimbi makubwa ya kusi: yanapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, mazito, yenye nguvu ya kusukuma mota. Sasa angalia maji siku ya kusi. Juu ya lile wimbi kubwa kuna viwimbi vidogo vinavyokimbia, vya haraka, na havimzuii mkubwa kupita. Modemu ya waya wa umeme, yaani kifaa cha kutuma na kupokea data, inatengeneza viwimbi hivyo. Inavipandisha juu ya waya kupitia kapasita, ambayo kwake wimbi zito la hezi 50 ni kama ukuta na viwimbi vya haraka ni kama mlango ulio wazi. Upande wa pili modemu nyingine inafanya kinyume chake: inaliacha kubwa, inasikiliza vidogo.

Si jambo jipya. Kampuni za umeme za Ulaya na Marekani zilikuwa zikipitisha simu zao juu ya nyaya za msongo mkubwa tangu miaka ya 1920. Mwaka 1975 kampuni moja ya mji wa Glenrothes, Scotland, ilibuni mfumo wa X10, wa kuwasha na kuzima taa za nyumbani kwa ishara za kilohezi 120 zinazorushwa kila wimbi la umeme linapovuka sifuri, pale ambapo waya umetulia kidogo. Na Italia, kuanzia mwaka 2001, kampuni ya Enel ilifunga mita kiasi cha milioni 30 zinazosomwa kupitia nyaya zilezile zinazopeleka umeme majumbani. Hata hizi mita za malipo ya kabla zilizogawanywa vipande viwili, mita juu ya nguzo na kidude cha namba ndani ya nyumba, zipo aina ambazo vipande vyake huzungumza kupitia waya wenyewe wa umeme.

Kuna koo mbili katika teknolojia hii, na kutozitofautisha ndiko kulikonipotezea wiki tatu. Ukoo wa kwanza ni wa haraka. Unatumia masafa ya juu, yaani viwimbi vya haraka sana, kiasi cha megahezi 2 hadi 28, na mfano wake ni vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ili intaneti ifike chumba cha mbali, vilivyojengwa kwa kiwango cha HomePlug AV cha mwaka 2005. Ukoo wa pili ni wa polepole. Unakaa chini kabisa, chini ya kilohezi 500, na Ulaya wameubana zaidi hadi kilohezi 148.5. Kasi yake ukiilinganisha na intaneti ya leo ni mwendo wa kobe.

Mimi nilikimbilia wa haraka. Kwenye boksi iliandikwa megabiti 200 kwa sekunde, na nani asiyetaka megabiti 200? Nilivijaribu ofisini kwa Bi, soketi hadi soketi, vikaenda vizuri mno. Nikavipeleka ghalani alfajiri, kompresa zimepumzika, vikaenda vizuri bado. Saa tatu asubuhi mashine zilipoanza kazi, kimya. Vikarudi, vikakatika. Vikarudi kwa dakika moja, vikakatika tena.

Aliyenifungua macho ni mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, mwenye redio ndogo ya mawimbi mafupi ambayo haimtoki kiunoni. Nilimkuta ameiinua karibu na sikio, uso umekunjika.

"Ami, redio imeharibika?"

"Redio nzima, mwanangu. Tangu ulipochomeka vidude vyako ndipo ilipoanza kuunguruma. Ukivichomoa inasafika. Mimi nimeshapima mara tatu."

Alikuwa sahihi. Masafa ya vile vidude yanaangukia mlemle ambamo redio za mawimbi mafupi hukaa. Waya wa umeme haukusokotwa wala kuvikwa kinga kama kebo ya data, kwa hiyo ukiupa mawimbi ya haraka unageuka antena, unayamwaga hewani. Na antena hupokea vilevile. Yale yote yaliyokuwa yakipigwa na mashine mle ghalani waya ulikuwa ukiyaokota na kuniletea.

Tukaanza kuitumia redio yake kama kipimo. Tulitembea wawili, yeye ameshika redio, mimi nafungua milango ya paneli za umeme. Karibu na bodi ya taa, mluzi mdogo. Karibu na kontakta, mlio wa "krak" kila inapokamata na kuachia. Tulipofika mbele ya inverta inayoendesha feni za kondensa, redio ilipiga kelele hata mzee akairudisha nyuma. Inverta hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuiendesha mota kwa mwendo unaoutaka, na kila kato linatupa vumbi la mawimbi kwenye waya. Zaidi ya hapo, mlangoni mwake huwa na filta yenye kapasita za kuyameza mawimbi ya haraka yasitoke nje. Filta hiyo haichagui. Inameza takataka za inverta na inameza data zangu.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza mwanzo. Hivi mimi nahitaji kasi gani? Vyumba sita, vipimo viwili kila chumba, jumla 12. Kila kipimo kinatuma ujumbe wa baiti 20 kila dakika, ndani yake joto, saa, na hali ya mlango. Hizo ni baiti 240 kwa dakika, sawa na biti 1,920. Gawa kwa sekunde 60. Biti 32 kwa sekunde. Nilikuwa nahangaika na megabiti 200 kwa kazi ya biti 32.

Tangu usiku ule nimekuwa na msimamo huu, na nausema kila nikiitwa kwenye jengo la kiwanda: waya wa umeme uutumie kwa mambo madogo yanayotakiwa kufika, si kwa mambo makubwa yanayotakiwa kukimbia. Joto la chumba, usomaji wa mita, hali ya pampu, mlango umefungwa au haukufungwa. Kamera usizipitishe huko. Na kama jengo bado ni msingi, kama hivi viwanda vipya vinavyoinuka, laza kebo ya data au faiba ukiwa bado unamwaga zege, usije kuniita baadaye nikakufanyie miujiza kwenye waya wa feni. Njia hii ni ya majengo ambayo yameshasimama na hayataki kutobolewa. Mji Mkongwe umejaa majengo hayo, maghala ya kuta nene za mawe na chokaa ambazo mawimbi ya waifai huchoka kabla ya kufika upande wa pili.

Nikaagiza modemu za ukoo wa polepole, za masafa ya kati ya kilohezi 95 na 148.5. Kiwango cha Ulaya, EN 50065, kinaacha masafa yaliyo chini ya 95 kwa kampuni za umeme na mita zao, na haya ya juu yake kwa mteja ndani ya jengo lake. Nikaona ni adabu njema kuifuata hata huku kwetu, kwani leo au kesho mita ya nje itataka kuzungumza kwenye waya huohuo.

Mambo ya fezi niliyamaliza upesi. Ghala lina fezi tatu, yaani nyaya tatu tofauti zinazoleta umeme, na vyumba vimegawiwa, viwili kwa nyekundu, viwili kwa njano, viwili kwa buluu. Ishara iliyopandishwa kwenye nyekundu hufika kwenye buluu ikiwa imechoka, kwa kuruka tu kutoka waya hadi waya. Kwa hiyo modemu mama niliifunga kwenye bodi kuu yenyewe, ikapandisha ishara kwenye fezi zote tatu kwa pamoja dhidi ya nyutro, waya wa kurudishia umeme, nyuma ya breka yake na fyuzi zake. Modemu ndogo nikaziweka kwenye maboksi ya nje ya kila chumba, na waya mwembamba wa kipimo ukapita kwenye tundu lilelile la kebo ya feni. Nikabadilisha na namba za siri zilizotoka kiwandani, kwa sababu waya hauishii ukutani mwako. Jirani anayelishwa na transfoma yako, ishara zako zinaweza kumfikia.

Ikafanya kazi. Halafu ikawa haifanyi, kwa saa, halafu inafanya. Hili sasa lilinitesa kweli. Redio ya Ami haikusaidia, kelele hazikuongezeka. Ishara ilikuwa inapungua tu, kama mtu anayezungumza nawe huku akirudi nyuma.

Nilimwomba Ami aandike kwenye daftari saa ya kila jambo analolisikia ghalani. Ana mwandiko mzuri wa skuli za zamani. Siku ya nne tulikaa tukalinganisha daftari lake na kumbukumbu za modemu, mstari kwa mstari. Saa nne na dakika kumi, ameandika "tak, kabati la kona". Saa nne na dakika kumi, nimepoteza nusu ya ujumbe. Saa sita kasoro dakika tano, "tak" mbili. Saa sita kasoro dakika tano, kimya kabisa.

Kabati la kona ni benki ya kapasita, yaani kapasita nyingi zilizowekwa pamoja, ile ya kurekebisha pawa fakta, inayowapunguzia wenye mota nyingi mzigo wa umeme usio na kazi. Mota zikizidi, kidhibiti chake kinaingiza kapasita moja zaidi, na kontakta inasema "tak".

Hesabu yake ni nyepesi na ilinifurahisha sana nilipoipiga. Chukua kapasita ya mikrofaradi 50. Kwa umeme wa hezi 50 ukinzani wake ni karibu omu 64. Ishara yangu ya kilohezi 100 ni ya haraka mara 2,000 zaidi, na ukinzani kwake unashuka mara 2,000 pia, hadi omu 0.03. Hicho ni kipande cha chuma kilicholazwa kati ya nyaya. Kila "tak" ya kabati ilikuwa inafungua shimo na data zangu zote zikitumbukia humo, karibu kabisa na modemu mama, pale ambapo niliamini ndipo mahali bora.

Dawa ikatoka kwenye hesabu ileile ikigeuzwa. Koili, yaani waya uliozungushwa, hufanya kinyume cha kapasita. Koili ya mikrohenri 20 kwenye kila waya unaokwenda kwenye benki, kwa hezi 50 ni omu 0.006, umeme hauhisi kitu na benki inaendelea na kazi yake. Kwa kilohezi 100 ni zaidi ya omu 12, na ishara inaambiwa hapa hakuna njia, pita kwengine. Koili hizo niliziagiza, sikuzisokota mwenyewe, maana lazima zibebe ampea zote za benki mchana kutwa bila ya kupata moto. Tulizifunga siku ya Ijumaa baada ya sala. Ami alisimama kwenye kona akisubiri. "Tak." Nikaangalia simu. Vyumba sita, namba sita. "Tak" ya pili. Namba zote sita zipo.

Bi alikuja akaitazama simu muda mrefu. Hasi 19, hasi 18, hasi 18, hasi 20, hasi 18, hasi 19. Hakusema neno, akainua mikono akaomba dua.

Laiti ingeishia hapo ingekuwa makala fupi. Modemu hizi, pamoja na joto, hutunza hesabu ya ujumbe kiasi gani umepotea njiani. Mimi nilikuwa naiangalia hesabu hiyo mara moja kwa wiki. Mwezi wa pili niliona chumba cha tano kinaanza kupoteza. Kidogo tu, ujumbe mmoja katika hamsini, halafu mmoja katika ishirini. Vyengine vitano havikuwa na kitu. Na upotevu ulikuja kwa zamu, robo saa hivi, mara nne kwa siku. Hiyo ni ratiba ya hita ya kuyeyusha barafu. Hita ikiwaka, ampea nyingi zinapita kwenye kebo ya chumba cha tano, na ujumbe unaanza kuanguka. Hita ikizima, unasimama sawasawa.

Kipimo cha joto kilikuwa sawa. Breka haikuruka. Hakuna aliyelalamika. Fundi yeyote angekwenda na njia yake.

Nilizima breka, nikapima kuhakikisha waya umekufa, nikapanda ngazi na bisibisi hadi kwenye boksi la maungio juu ya dari ya chumba cha tano. Skrubu za kifuniko zilikuwa nyeupe kwa chumvi. Kilipofunguka kilinipiga na harufu, ile harufu ya plastiki iliyopikwa ambayo kila fundi anaijua na hakuna anayeipenda. Kiungo cha nyutro kilikuwa cheusi. Skrubu yake imelegea, shaba imeota kutu ya kijani, na ganda la waya limeyeyuka kiasi cha upana wa vidole vitatu. Kila hita ilipowaka kiungo kile kilikuwa kinapata moto na kutupa cheche ndogondogo ndani ya boksi, na cheche ni kelele, na kelele ile ndiyo iliyokuwa ikiangusha ujumbe wangu. Chini ya boksi, sentimita mbili hazifiki, ni bati la paneli. Chini ya bati ni povu, na povu hilo likishika moto halizimwi kwa ndoo.

Nilikaa juu ya dari pale kwa muda, kifuniko mkononi. Nilikuwa nimeuwekea waya modemu ili uniambie habari za pweza, nao ulikuwa ukiniambia habari zake wenyewe, na ningechelewa mwezi mmoja zaidi sijui ningemkuta nani.

Niliposhuka nilimwonyesha Bi kile kipande cheusi. Alikishika, akakigeuza, akakinusa.

"Maboksi kama haya yapo mangapi, mwanangu?"

"27, Bi."

"Yafungue yote."

Ilituchukua siku tatu, chumba baada ya chumba, Ami akishikilia ngazi na kuandika. Tulikata ncha zote zilizoota kutu, tukafunga upya kwa vishikizo vya shaba iliyopakwa bati, tukapaka grisi ya kuzuia chumvi, tukabadilisha raba za vifuniko. Maboksi mengine matatu yalikuwa yameanza kuungua.